UZI: Protini inasomaje DNA bila kuifungua? Swali la mwanafunzi wangu limeninyima usingizi

#1 MwalimuWaPwani
Wakuu, habari za usiku. Nafundisha baiolojia kidato cha sita hapa Mtwara. Jana tulikuwa kwenye mada ya kuhamisha jeni. Nikaeleza habari za Agrobakteria, yule wa udongoni anayekata kipande cha DNA yake na kukiingiza kwenye seli ya mmea. Nikasema kipande hicho kina mipaka yenye herufi 25 kila upande, na ipo protini inayoitambua mipaka hiyo na kukata papo hapo.

Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, umetufundisha herufi zimefungiwa ndani, A imeshikana na T, G na C, kama vidato vya ngazi. Protini iko nje. Inazijuaje herufi bila kuvunja ngazi?"

Mezani nilikuwa na kamba ya usumba niliyoisokota mwenyewe kwa nyuzi mbili iwe mfano wa DNA. Nikaishika, nikaizungusha mkononi, nikamwambia nitamjibu Jumatatu. Kitabu kinasema "protini hujifunga kwenye DNA" kisha kinaendelea na mambo mengine. Naomba mwenye kujua anieleze kwa lugha ambayo nitaweza kuipeleka darasani.

#2 Nahodha_Msimbati
Mwalimu shikamoo. Mimi mtu wa bahari, shule niliishia kidato cha nne, ila kamba naijua. Umesokota nyuzi mbili zinazolingana? Basi mifuo ya pembeni itakuwa miwili na itatoshana. Hiyo DNA nayo mifuo yake inatoshana? Kwenye kitabu cha mwanangu naona mmoja mpana na mwingine umebana, nikadhani mchoraji kakosea.

#3 Kemia_Lindi
Nahodha, mchoraji yuko sahihi, na hapo ulipogusa ndipo jibu la yule binti lilipo.

Kila jozi ya herufi imeshikwa na nguzo mbili za sukari na fosfeti, lakini nguzo hizo hazikukaa pande mbili zinazoelekeana barabara. Zote zimevutwa kidogo upande mmoja. Ukikisokota kitu cha namna hiyo unapata mfuo mpana wa kama nanomita 2.2 na mwembamba wa kama 1.2. Herufi zimeshikana katikati ni kweli, ila kingo zake zinachungulia mifuoni. Protini inaingiza kidole kwenye mfuo mpana na kupapasa ukingo wa kidato.

Mwaka 1976 Seeman, Rosenberg na Rich walizichambua kingo hizo. Kwenye mfuo mpana kila jozi ina alama zake: hapa penye kutoa haidrojeni, hapa penye kupokea, na T ina kinundu cha methili kinachojitokeza. A-T ina mpangilio tofauti na T-A, na G-C tofauti na C-G. Kwenye mfuo mwembamba alama zinafanana mno. Hapo unaweza kujua hii ni jozi ya A na T au ya G na C, lakini nani yuko kushoto na nani kulia huwezi kujua kwa urahisi.

Protini nayo ina vidole vyake. Asidi amino ya ajinini inapenda kuishika G kwa vifungo viwili vya haidrojeni. Asparajini na glutamini zinaishika A. Mara nyingi kinachoingia mfuoni ni alfa heliksi, kijiti kilichojikunja chenye unene unaoenea humo barabara. Mwalimu, mwambie binti: haifunguliwi, inapapaswa.

#4 BintiMikindani
Ahsante Kemia, umenikumbusha bibi yangu. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili na bado anasuka mikeka. Ukimpa ukili wowote wa mtaa wetu anaupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, anakwambia huu wa fulani, huu wa fulani. Hajawahi kuufumua ili ajue.

#5 Nahodha_Msimbati
Huyo bibi ni protini 😄

#6 Mwanamaabara
Naheshimu maelezo ya #3 lakini yanaacha nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo ninayoipenda. DNA si ngazi iliyonyooka ikakauka. Herufi zikipangwa kwa namna fulani, uzi unapinda kidogo, au mfuo unabana, au unalainika na kukunjika kirahisi. Kuna protini zinazohisi UMBO hilo kabla ya kugusa herufi.

Mfano ni ile inayokaa kwenye neno TATA mwanzoni mwa jeni nyingi, ambayo picha zake zikiwa zimeishika DNA zilitoka 1993. Haiingii mfuo mpana kabisa. Inakaa juu ya ule MWEMBAMBA kama matandiko juu ya mgongo wa punda, na inaipinda DNA kama digrii 80. Inafanya hivyo pale ambapo #3 kasema alama zinafanana mno! Inapachaguaje? Kwa sababu TATA inakubali kupindwa.

Na mwaka 2009 Rohs na wenzake walionyesha kuwa kwenye safu za A na T mfuo mwembamba unabana zaidi, chaji hasi inakolea humo, na ajinini yenye chaji chanya inavutwa ikae. Hapo kinachosomwa ni kina na upana wa mfuo. Kwa hiyo yule bibi huenda hahesabu miyaa. Huenda anahisi ukili ulivyokazwa.

#7 Kemia_Lindi
Mwanamaabara, umbo linatoka wapi kama si kwenye herufi? Na TATA ni mfano wa pembeni. Protini nyingi zinazowasha na kuzima jeni zinapitia mfuo mpana. Tazama mojawapo, Zif268, picha ya 1991 ya Pavletich na Pabo: vidole vitatu vya zinki (vikunjo vya protini vinavyoshikiliwa na zinki) vimepangana ndani ya mfuo mpana, kila kimoja kinashika herufi tatu hivi. Huo ni usomaji wa herufi kwa herufi.

#8 Mwanamaabara
Na kizuizi cha triptofani, protini ya bakteria inayozima jeni, picha ya 1988? Walitafuta vidole vinavyogusa herufi moja kwa moja vya kutosha kueleza uchaguzi wake, hawakuviona. Waliona molekuli za maji zimekaa katikati.

#9 Kemia_Lindi
Huo ulibishaniwa sana. Wapo waliosema kipande cha DNA walichokitumia hakikuwa kile chenyewe ambacho protini inakipenda. Usiujengee nyumba.

#10 MwalimuWaPwani
Ndugu zangu, nawashukuru, ila mkumbuke mimi nina dakika 80 na ubao mmoja. Nirudi kwa Agrobakteria: ile protini inayokata mpaka nayo inapapasa tu?

#11 Jeni_na_Jembe
Hapana Mwalimu, na ni muhimu binti ajue kuwa si zote zinazoheshimu ngazi. Inaitwa VirD2. Ikisaidiwa na VirD1 inashika mpaka, sehemu hiyo inafunguka, inakata uzi MMOJA tu, na papo hapo inajifunga kwenye ncha iliyokatwa kupitia asidi amino yake ya 29, tairosini. Hicho ni kifungo cha kemia kamili, hakiachii kirahisi. Inasafiri nayo hadi ndani ya mmea ikiwa mbele, kama mtu aliyeshika ncha ya kamba mdomoni akiogelea kuipeleka chomboni.

#12 Kijana_wa_Masasi
Kwa hiyo DNA yenye nyuzi mbili inapita kwenye tundu la bakteria?

#13 Jeni_na_Jembe
Uzi mmoja, mkuu. Ule wa pili unabaki nyumbani. Sasa uzi mmoja ukiwa uchi ndani ya seli ya mmea utaliwa na vimeng'enya, kwa hiyo bakteria anatuma protini nyingine, VirE2, inayopita njia hiyo hiyo kwa safari yake peke yake. Mamia yake yanajipanga kuufunika uzi. Kwenye hadubini ya elektroni unaona bomba lililojiviringisha kama springi, DNA ikiwa imefichwa ndani.

VirE2 haijali herufi hata moja. Ingekuwa inachagua, sehemu nyingine za uzi zingebaki bila nguo. Inashika uti wa fosfeti wenye chaji hasi, ambao ni uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo kwenye safari hii moja mna protini mchaguzi na protini isiyochagua.

#14 Sista_Kusini
Nimefurahi kuona #13 inagusa chaji. Wauguzi wa upasuaji wa moyo wanaijua dawa inayoitwa protamini, ya kuondoa nguvu ya heparini, ile ya kuzuia damu isigande, baada ya upasuaji. Wenye mzio wa samaki huwa tunawaangalia kwa makini. Nilipokuwa mafunzoni nikauliza samaki wameingiaje hapa? Nikaambiwa protamini ilipatikana kwanza kwenye mbegu za kiume za samaki aina ya salmoni. Friedrich Miescher aliitoa kwa salmoni wa mto Rhine, 1874. Karibu theluthi mbili ya asidi amino zake ni ajinini, chaji chanya tupu. Kazi yake kwa samaki ni kufunga DNA ikabana kabisa ndani ya kichwa cha mbegu. Heparini nayo ina chaji hasi nyingi, ndiyo maana inanaswa vilevile. Na wanaotafuta njia ya kupeleka jeni kwenye seli bila virusi wameitumia hiyo hiyo kuifunga DNA iwe kifurushi kidogo.

#15 Nahodha_Msimbati
Sista, miaka yote hii tunapasua samaki ufukweni tunatupa.

#16 Mkulima_Tandahimba
Wakuu, naombeni nichomekee la shambani. Muhogo wangu ekari moja na nusu una batobato mbaya. Majani yana madoa ya pembepembe, mwanzoni yanaonekana kama yamelowa maji, kisha yanakauka. Asubuhi shina linatoa utomvu kama gundi, na ncha zinakufa kuanzia juu kushuka. Mnaongelea bakteria wa kuingiza jeni, je ndiye huyu?

#17 Bwanashamba_Nachingwea
Mkulima, pole. Hiyo si batobato. Batobato ni virusi vya inzi weupe: jani linajikunja na kuwa na mabaka ya njano na kijani, halitoi gundi. Michirizi kahawia nayo ni virusi. Wewe umeeleza ugonjwa wa bakteria wa muhogo, anaitwa Xanthomonas. Mwonyeshe afisa ugani wa kata athibitishe. Usichukue pingili kwenye shamba hilo, usifanye kazi humo majani yakiwa yamelowa, na ukitoka safisha panga kabla hujaingia shamba jingine. Mashina yaliyougua ng'oa uchome.

Na uko kwenye uzi sahihi kabisa. Huyu bakteria haingizi jeni, anaingiza PROTINI inayoshika DNA. Ana kitu kama sindano, anachoma seli, anasukuma ndani protini za jamii ya TAL. Zinaingia kwenye kiini na kukaa juu ya jeni za muhogo wenyewe. Mwaka 2014 ilionyeshwa kuwa mojawapo, TAL20, inawasha jeni ya mlango wa sukari. Muhogo unamwaga sukari nje ya seli zake, na bakteria yuko nje anasubiri.

#18 Mkulima_Tandahimba
Ahsante sana bwana shamba. Kwa hiyo anaufanya muhogo umpikie?

#19 Bwanashamba_Nachingwea
Ndiyo, tena kwa jiko lake mwenyewe.

#20 Kemia_Lindi
Nashukuru TAL imeletwa, maana kwangu ndiyo protini nzuri kuliko zote kwa Jumatatu ya Mwalimu. Imejengwa kwa vipande vinavyojirudia, kila kipande kina asidi amino 34 hivi, na vyote vinafanana isipokuwa namba 12 na 13. Hizo mbili ndizo zinazoamua herufi. Zikiwa histidini na aspateti, kipande kinashika C. Asparajini na glaisini kinashika T. Asparajini na aisolusini kinashika A. Kipande kimoja herufi moja, kwa mpangilio. Makundi mawili yaliuvumbua msimbo huo 2009, na 2012 picha za eksirei zikatoka: protini nzima imejizungusha juu ya DNA kwa kufuata mfuo mpana, vipande 11 kwa mzunguko mmoja. Ya 13 ndiyo inayogusa herufi, ya 12 inashikilia kitanzi kisitikisike.

Ukiujua msimbo unaweza kujenga ya kwako, ikashika neno unalotaka. Watu wakaziunganisha na mkasi wa kukata DNA.

Mwanamaabara, hapa umbo liko wapi?

#21 Mwanamaabara
Hapa nakupa. Lakini kabla ya herufi ya kwanza TAL inataka iwepo T, na kuna vipande vya mwanzo vinavyoishika DNA bila kujali neno. Hata mpapasaji wako anahitaji pa kuegemea kwanza.

#22 Korosho_Newala
Je, ubwiri unga wa mikorosho nao una TAL?

#23 Bwanashamba_Nachingwea
Huo ni ukungu mkuu, si bakteria. Endelea na salfa kwa wakati wake.

#24 Mama_wa_Ruangwa
Samahani kwa kuingia na la nyumbani. Mwanangu ana miaka tisa, ana selimundu. Nilisikia redioni kuna dawa ya kurekebisha jeni, inatumia protini ya kukata DNA. Ni hizo mnazozisema? Inapatikana?

#25 Sista_Kusini
Mama, pole, na nafurahi umeuliza. Uingereza iliidhinisha tiba hiyo Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huohuo. Seli mama za damu zinatolewa kwa mgonjwa, zinarekebishwa nje, anapewa dawa kali ya kusafisha uboho, kisha zinarudishwa. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, na inahitaji hospitali ya kiwango cha juu sana. Kwa mtoto wako leo, kinachomlinda ni kliniki, maji ya kutosha, kinga za malaria na haidroksiyurea kama daktari ameiandika. Usiache hata wiki moja ukisubiri hiyo nyingine.

#26 Mama_wa_Ruangwa
Ahsante dada. Anakunywa kila siku. Hivi karibuni maumivu yamepungua.

#27 Jeni_na_Jembe
Namwombea afya mama. Niongeze kwa ajili ya mada: protini ya tiba hiyo ni Cas9, na hiyo inampinga #3 waziwazi. Kwanza inapapasa tu, inatafuta herufi mbili, GG. Ikizipata INAFUNGUA ngazi hapo jirani na kuulinganisha uzi mmoja na kipande cha RNA ilichokibeba, herufi 20. Kwa hiyo kusoma kwa kufungua kupo, na ndiko kulikoshinda kwa urahisi wa kutengeneza: TAL unajenga protini mpya kwa kila neno, Cas9 unabadilisha RNA tu.

Jambo jingine zuri: inachokata ni swichi ya jeni iitwayo BCL11A, ambayo protini yake ni ya vidole vya zinki na kazi yake ni kuzima himoglobini ya mtoto aliye tumboni. Protini moja inayoshika DNA inatumwa kuidhoofisha nyingine.

#28 Kijana_wa_Masasi
Tukirudi kwa Agrobakteria, akishafika ndani nani anaushona ule uzi kwenye DNA ya mmea? Nilifundishwa ni VirD2.

#29 Jeni_na_Jembe
Ndivyo ilivyoaminika. Mwaka 2016 kundi moja likaonyesha kuwa mmea ndio unaoushona, kwa kimeng'enya chake cha kukarabati kiitwacho polimeresi theta. Mmea usio nacho haukupokea. Mwaka 2021 wengine wakaonyesha mpunga usio na kimeng'enya hicho ukipokea hata hivyo. Kwa hiyo kuna mshonaji zaidi ya mmoja, au sindano zaidi ya moja. Ila kushonwa kunatokea hata bila maabara. Viazi vitamu unavyokula vina kipande cha Agrobakteria tangu zamani. Mwaka 2015 walipima aina 291 za viazi vinavyolimwa, zote zinacho.

#30 Korosho_Newala
Viazi hivi hivi vya kuchemsha na chai?

#31 Jeni_na_Jembe
Hivyo hivyo mkuu.

#32 MwalimuWaPwani
Wakuu, mrejesho. Jumamosi mimi na yule binti tulikwenda kwa bibi wa #4, kwa ruhusa ya familia. Tulimkuta barazani. Tulikuwa na vipande vinne vya ukili, kila kimoja shibiri moja, ukindu wa aina moja, wasukaji tofauti, kimoja chake mwenyewe.

Cha kwanza alikigusa akasema, "Huu wangu," hata hakuumaliza. Cha pili akaupinda, ukarudi, akataja jina la jirani, na ni kweli. Cha tatu alikaa nacho muda mrefu. Akakipinda, akakipinda tena, kisha akageuza ukucha wa kidole gumba akaanza kuupitisha ukingoni, mwaa mmoja baada ya mwingine, midomo ikicheza. Akapata. Cha nne akakataa: "Huu mmeulowesha." Kweli, kilikuwa chini ya chupa ya maji kwenye mkoba wangu.

Binti akamwuliza anajuaje. Bibi akasema, "Nasikia unavyojikunja. Usiposema, ndiyo nauhesabu."

#33 Mwanamaabara
UMBO KWANZA. Shikamoo bibi.

#34 Kemia_Lindi
Cha tatu kilimshinda kwa umbo, akahesabu! Na aliyehesabu ndiye aliyepata. Shikamoo bibi kwa upande wetu pia.

#35 BintiMikindani
Anasema marahaba wote, na mkija tena mje na ukindu mkavu.

#36 MwalimuWaPwani
Darasani leo somo limepokelewa vizuri. Na Nahodha, kamba nimeisokota upya kwa kuweka kijiti upande mmoja na mifuo sasa haitoshani. Ila binti ameleta jingine. Bibi tulimpa vipande vinne mkononi. Protini haipewi, inatafuta neno moja ndani ya mamilioni ya herufi. Inaanzia wapi?

#37 Kemia_Lindi
Hilo ni swali la watu wakubwa. Mwaka 1970 ilipimwa kasi ya kizuizi cha laktozi, protini ya bakteria inayozima jeni, kulifikia neno lake, ikaonekana ni kubwa kuliko kuelea tu majini kungeweza kueleza. Jibu lililokubalika na wengi ni kwamba inaikamata DNA popote, kwa chaji, kama ile VirE2 isiyochagua, kisha inateleza mfuoni, inaachia, inarukia sehemu nyingine, inateleza tena. Mwaka 2007 walifaulu kuifuatilia protini moja moja ndani ya bakteria hai ikifanya hivyo.

#38 Mwanamaabara
Lakini ikiteleza kwa kasi hiyo itasoma saa ngapi? Ikishika kwa nguvu ya kutosha kusoma, haitelezi. Ikilegea iteleze, haisomi. Mimi nadhani ina mikao miwili na inabadilisha njiani.

#39 Nahodha_Msimbati
Na kama kuna protini nyingine imeshakaa mbele yake kwenye uzi huohuo? Pete ikiteleza kwenye kamba ikifika kwenye fundo inakwama.

#40 Kemia_Lindi
Nahodha umeniweka. Nafikiri inaachia na kuruka, lakini wapo wanaosema inakwama kweli. Kesho jioni nitarudi na vipimo vyao.